Kabla ya operesheni ya jicho, tuleteeni hata chupa ya tangawizi

Tukiuliza mgonjwa anatumia dawa gani, wengi hujibu: hakuna. Tunageuza swali: Mama, asubuhi unakunywa nini? Hapo ndipo vinatajwa tangawizi na kitunguu saumu vilivyosagwa kwa ajili ya tansio (shinikizo la damu), majani ya mubirizi, vidonge vya mti wa ginkgo kutoka kwa mtoto aliye Ubelgiji, na aspirini ya magoti iliyonunuliwa sokoni Kadutu.

Jicho likikatwa, damu hukatika kwa sababu chembe sahani, vijichembe vidogo vya damu, hukimbilia kidonda, hushikana na kuziba. Aspirini huzizuia zisishikane, na chembe iliyokwisha kuguswa nayo haiponi mpaka ife, baada ya siku 7 hadi 10. Kitunguu saumu, tangawizi, manjano na ginkgo vinaweza kuelekea huko huko, kwa nguvu ndogo lakini isiyopimika: chupa ya leo si sawa na ya jana. Kitunguu saumu cha kwenye sombe kuleni tu. Kinachotusumbua ni kile kikombe kizito cha kila siku, au vidonge, hasa kwa mtu anayemeza pia aspirini au warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande.

Hatari inategemea tunakata wapi. Mtoto wa jicho akitolewa kupitia konea, kile kioo cha mbele kisicho na mishipa ya damu, kwa kawaida hapatoki damu ya kutisha. Kope ni habari nyingine. Zina mishipa mingi, na damu ikijikusanya nyuma ya jicho hubana neva ya kuona. Mtu anaweza kupoteza uono ndani ya saa chache. Sindano ya ganzi inayopita nyuma ya jicho nayo inaweza kutoboa mshipa, kwa hiyo ganzi ya matone ikiwezekana, tunaipendelea.

Lakini tuseme ukweli: Papa mwenye tansio isiyotulizwa anatutia wasiwasi kuliko Mama na kitunguu saumu chake. Uzee, tansio, glakoma (ugonjwa unaoharibu neva ya kuona) na tatizo kubwa la kutoona vitu vya mbali huongeza uwezekano wa damu kupasuka ndani ya jicho lenyewe, jambo la nadra lakini baya. Kikohozi kikali katikati ya operesheni nacho kinachangia. Mwenye ugonjwa wa ini au figo atuambie mapema. Tansio ikiwa juu sana asubuhi hiyo tunaahirisha, hata kama umevuka ziwa kutoka Idjwi. Mtukasirikie, tumezoea.

Dawa za mitishamba tunaomba zisimamishwe wiki mbili kabla. Aspirini au warfarini uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo usiiache peke yako: damu ikiganda moyoni au kwenye ubongo, hasara yake ni kubwa kuliko jicho jekundu. Tutaongea na daktari wako, na kwa warfarini tutapima kwanza damu yako inachukua muda gani kuganda.

Siku ya kupimwa, weka vyote kwenye mfuko mmoja uje navyo. Usipojua jina la mti, leta majani yenyewe.