Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii wa Zanzibar: tuachieni kona zetu za Pemba

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaykum. Anayekuandikia ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mwanamke wa Wete, niliyechora milima ubaoni miaka na miaka bila ya kuupanda hata mmoja. Sasa nimepanda, tena juu ya pikipiki, na tangu nirudi sijanyamaza. Majirani wamechoka kunisikiliza, kwa hiyo zamu imekufikia wewe, na nina maombi mawili: kona za zamani za barabara za Pemba zisitupwe zinaponyooshwa, na vijana wa bajaji waruhusiwe kuwatembeza wageni.

Binti yangu anafanya kazi Ureno. Likizo yake alinichukua mpaka Madeira, kisiwa cha Wareno kilichoko Bahari ya Atlantiki, karibu kilomita elfu moja kutoka Lisbon. Vijana wa barazani kwangu waliposikia jina hilo walinitazama tu, mpaka nilipowaambia kuwa ndiko alikozaliwa Cristiano Ronaldo, mjini Funchal, mwaka 1985. Hapo kila mmoja akawa mtaalamu wa Madeira.

Asubuhi ya pili binti akanambia, "Mama, leo tunatembezwa." Nje kilikuwa kimesimama chombo chenye gurudumu moja mbele na mawili nyuma, mapana kama ya gari, usukani wa pikipiki, kiti cha dereva, na nyuma yake viti viwili vya abiria vilivyoinuliwa kidogo ili mtu aone kupita kichwa cha dereva. Wenyewe wanakiita traiki. Mimi niliona bajaji iliyolishwa ikashiba, kisha ikavuliwa paa.

Dereva ndiye aliyekuwa mtembezaji wetu, bwana wa makamo mwenye masharubu meupe. Hata salamu hazijakwisha, akatuuliza uzito wetu. Binti alinitafsiria kwa haya, nami nikajipunguzia kilo tano. Yule bwana akanitazama, akacheka, akasema breki hazijui haya. Ikabidi nitaje kilo zangu zote. Akanikalisha upande mmoja, binti upande mwengine, akahamisha begi la maji kuweka mizani sawa.

Ikaja kofia ngumu. Alikuwa na vitambaa vyembamba vya kuvaa chini yake. Akamkabidhi binti, akageuka akaitazama bahari mpaka nikamaliza kujifunga vizuri. Halafu akaona buibui langu linavyoning'inia. Akatoa mkanda wa mpira, akaomba nilifunge chini ya magoti lisije likadakwa na gurudumu. Mheshimiwa, bodaboda nimezipanda mara nyingi hapa kwetu, na hajatokea kijana aliyegeuka nyuma kuangalia buibui langu limefika wapi.

Tukaondoka. Kwanza Câmara de Lobos, kijiji cha wavuvi ambapo Winston Churchill alikwenda kuchora picha mwaka 1950. Kutoka hapo tukapanda hadi Cabo Girão, jabali linalosimama mita 580 juu ya bahari, ambapo wamejenga jukwaa la sakafu ya kioo. Binti alisimama juu yake akapiga picha. Mimi nilisimama penye saruji.

Safari yenyewe hasa ilianzia mji wa Ribeira Brava, tulipoiacha barabara kuu. Na hapa ndipo palipo maneno yangu. Ureno iliingia Jumuiya ya Ulaya mwaka 1986, na fedha za Ulaya zikamiminika kisiwani. Madeira ikatobolewa mahandaki huku na huku kama embe lililoingia funza. Mwendo uliokuwa wa nusu kutwa kwa kuzunguka milima ukawa wa saa moja, na mgonjwa wa kijijini akafika hospitali akiwa hai. Hilo ni jema, hakuna mwenye akili atakayelipinga. Lakini ndani ya handaki hakuna cha kuona ila taa. Kwa hiyo lori na basi zikaenda handakini, na njia za zamani zenye kona zikabaki kwa mkulima anayekwenda shambani kwake, na kwa watu kama sisi, wanaolipa kwa makusudi ili wafike kwa kuchelewa!

Tulipanda kwa njia hiyo ya zamani mpaka Encumeada, mita 1,007 juu ya usawa wa bahari, mlangoni pa milima, ambapo mawingu yakifunguka unaiona bahari ya kaskazini na ya kusini ukiwa umesimama pahala pamoja. Nilipokuwa nafundisha nilikuwa nikieleza upande wa mlima unaopata mvua na upande unaokosa. Siku ile nilivikwa somo langu mwilini: nyuma yangu jua, mbele yangu ukungu wa baridi unaopanda kama moshi wa kuni mbichi. Dereva alisimamisha chombo akatuonyesha mfereji mwembamba wa saruji uliopita ubavuni mwa mlima. Wanauita levada. Mifereji kama hiyo ndiyo inayoyatoa maji upande wa mvua na kuyapeleka kwenye mashamba ya upande mkavu, na watu wa kule wameichimba tangu karne ya 15. Nikamwambia huko bara kwetu Wachaga nao wana mifongo yao. Akataka nimwandikie neno hilo, akalitia mfukoni.

Kushuka ndiko nilikokuogopa. Nilimwona anavyofanya: kabla ya kila kona anaingiza gia ndogo, inajini inaunguruma na kukizuia chombo, breki anaigusa tu. Mkono wake wa kushoto ukiinuka, tunajua anasimama. Nilihesabu vituo vyetu vya siku nzima, vilikuwa kumi na vitatu, na vingi vilikuwa pahala pale pale ilipopita njia ya zamani kabla kona haijanyooshwa. Kipande cha lami kuukuu kimebaki pembeni kama kucha iliyokatwa, gari mbili tatu zinaenea, pana ukingo wa mawe, na mara nyingi pana mama mwenye meza. Kwa mmoja tulikula bolo do caco, mkate wao wa viazi vitamu unaochomwa juu ya jiwe, ndugu wa mbali wa mkate wa mofa. Wao wanauteremshia na poncha, ambayo ni pombe ya miwa, asali na limau. Mimi nililetewa maji ya pesheni, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Sikuandikii kwamba kule ni peponi. Tarehe 20 Februari 2010 mvua ilileta mafuriko na maporomoko yaliyoua watu zaidi ya 40. Aprili 2019 basi la watalii wa Kijerumani liliacha njia huko Caniço na watu 29 wakafa. Na njia za zamani walizoziacha bila matunzo zinawaangukia. Ile iliyochongwa jabalini ufukweni mwa kaskazini, kati ya São Vicente na Porto Moniz, vipande vyake vingi vimefungwa kwa sababu ya mawe. Karibu na Ponta do Sol kuna maporomoko ya maji yanayoangukia katikati ya barabara kuukuu, na watu walikuwa wakipitisha gari chini yake kama wanaoga. Sisi tulikuta kizuizi. Binti akasema twende kwa miguu tu, ni hatua chache. Dereva akatikisa kichwa, akatuonyesha jiwe la ukubwa wa mbuzi lililolala juu ya lami, ubavu wake bado mbichi. Hakusema kitu, akageuza chombo.

Sasa nije nyumbani. Wapo watakaosema, mwalimu amechanganyikiwa, Madeira na Pemba wapi na wapi? Kilele chao cha Pico Ruivo kina mita 1,862, na sisi kilima chetu kirefu hakifiki hata mita 100. Nakubali. Milima yetu imezama: ukishuka katika mkondo baina ya Pemba na bara utakwenda kina cha mita mia nane hivi. Kilichobaki juu ni vilima na mabonde ya mpunga. Lakini kwa ukubwa wa ardhi hatupishani sana. Madeira ni kilomita za mraba 741, nasi tunawapita. Na barabara haihitaji mlima mrefu ili ipinde. Ipite mtu ile njia ya zamani ya kutoka Chake Chake kwenda Wete aone. Hujamaliza kuteremka, ushaanza kupanda. Huku mikarafuu, huku mgomba, chini bonde la mpunga lililojaa maji, na msimu wa karafuu majamvi yameanikwa mbele ya kila nyumba, harufu inakufikia kona mbili kabla ya kijiji. Hapo hata dereva wa gari ya shamba hupunguza mwendo, asije akawarushia watu vumbi kwenye karafuu zao.

Na nani anayeiona? Mgeni wetu wa Pemba anashuka uwanja wa ndege, anatiwa katika gari yenye vioo vyeusi, anapelekwa hoteli ya ufukweni, na asubuhi anazamishwa baharini kutazama samaki. Kisha anarudi kwao. Anamjua samaki wa Pemba kabla hajamjua Mpemba. Kidike hakwenda kuwaona popo wa Pemba, ambao duniani kote hawapatikani ila hapa. Pujini kwenye magofu ya Mkama Ndume, mtawala wetu wa zamani, hakufika. Mama wa Pandani mwenye mkate wa mofa hakuuza kitu.

Barabara zetu zinajengwa upya, na Mungu awalipe kheri wanaozijenga. Tumekula mashimo miaka mingi. Sikuombi umzuie mhandisi asinyooshe kona iliyoua watu. Ombi langu ni dogo, na linahitaji uzungumze na mwenzako wa barabara mapema, kabla greda halijapita: njia mpya ikishanyooka, kile kipande cha kona kinachobaki pembeni kisigeuzwe dampo, wala kisikatwe kiwanja akapewa mtu. Kibaki kama kilivyo, kiwekewe ukingo wa mawe na kivuli cha muembe, na mama wa kijiji kile awe wa kwanza kuweka meza yake. Tukishakitupa leo, kesho tutatafuta fedha za mkopo kujenga "kituo cha mandhari", na tutakijenga pasipo na mandhari.

Jambo la pili ni vijana. Traiki za Madeira ni ghali, wala hatuzihitaji. Bajaji zipo, na vijana wanaozijua kona hizi usiku na mchana wapo. Wasichonacho ni karatasi. Kamisheni ya Utalii inatoa leseni kwa watembeza watalii, lakini kijana wa bajaji akimchukua mgeni kumwonyesha mikarafuu, anaitwa papasi, yaani mtembezaji wa kubahatisha asiye na kibali. Basi awekewe mtihani wake. Apimwe kushuka kilima kwa gia huku amebeba watu wawili, aulizwe breki zake zilikaguliwa lini, ajue kumwambia mgeni kwa nini karafuu huchumwa kabla haijachanua na makonyo, yaani vikonyo vyake, yanakwenda wapi. Akifaulu apewe kitambulisho, na abiria wake wavae kofia, hata kama bajaji ina paa. Na aulize uzito.

Kuna mzee mmoja hapa jirani, ninayemheshimu sana, ambaye ananambia: "Mwalimu, waache wabaki huko huko baharini. Wakiingia vijijini watatuletea uchi." Hofu yake naielewa, nami ni mama. Lakini nimemjibu kwamba anayetuletea hayo ni yule aliyekaa peke yake hotelini, asiyejua kama ng'ambo ya ukuta kuna watu. Yule aliyekwenda na kijana wa Wete, kijana ambaye mama yake anajulikana, ataambiwa mapema avae nini. Yule bwana wa Madeira aligeuka akaitazama bahari ili mimi nivae. Na yeye ni wa dini nyengine na lugha nyengine.

Nisisahau. Wakati wa kurudi nilimwambia kwamba Wareno walikuwa kwetu karne ya 16 na 17, na kwamba wazee husema mchezo wetu wa ng'ombe ulitoka kwao. Akazima inajini pembeni mwa njia, akageuka mzima mzima. Akauliza kama ng'ombe tunamuua. Nikamwambia hatumuui. Akapiga paja: hata Ureno hawamuui uwanjani! Akaanza kumhesabia binti yangu kwa vidole nauli ya kufika Zanzibar, akaishia kwenye uso wa huzuni. Lakini aliuliza swali moja ambalo sikuwa na jibu lake, nami nakuletea wewe: "Nikija, nani atanizungusha?"

Mheshimiwa, msimu wa karafuu ukifika, njoo Wete. Usije na msafara. Njoo na mtu mmoja, maana viti ni viwili. Kijana wa jirani yangu ana bajaji, breki zake nimezikagua mwenyewe kwa macho ya kimwalimu, na kofia tutaazima. Tutapita njia ya zamani polepole, tusimame kila utakapoinua mkono. Ila ujitayarishe, nimeshamfundisha: kabla hujakaa atakuuliza una kilo ngapi.

Wako,
Mwalimu mstaafu, Wete, Pemba