Mtoto anayejing'ata, tusikimbilie kumng'oa meno

Mhariri,

Binti yangu ana miaka 6 na ana mtindio wa ubongo, yaani ubongo wake hauongozi misuli ya mwili ipasavyo. Mwaka jana alianza kujing'ata mdomo wa chini. Misuli ya taya ikikaza, meno yanafunga yenyewe na hawezi kuyaachia. Asubuhi nakuta foronya ina damu, uji anaukataa, kidonda kikianza kukauka anakitonesha tena. Majirani walisema ni ukorofi. Si ukorofi jamani, mtoto hana amri juu ya taya lake!

Tulikoanzia tuliambiwa dawa ni kung'oa meno ya mbele. Nilikataa. Daktari wa meno mwingine alianza kwa kutafuta maumivu, akakuta jino la nyuma limetoboka, akaliziba. Kisha akachukua alama ya meno na kutengeneza kinga ya plastiki laini inayozuia mdomo usiingie katikati ya meno. Alinionya pia nimchunge baada ya sindano ya ganzi, maana mtoto huweza kujitafuna bila kuhisi.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo naye alinifundisha kwamba taya likikaza nisitumbukize kidole wala kijiko cha bati. Namkunja nyonga na magoti, kichwa nakiinamisha mbele kidogo, nasubiri lilegee.

Naiomba Wizara ya Afya ihakikishe watoto hawa wanachunguzwa kinywa kila waendapo kliniki ya mazoezi, na bima ilipie kinga hizo.

Mama wa mtoto,
Morogoro