Seva inapolala, mteja wa alfajiri ndiye anayeumia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wanaosimamia tovuti za huduma jambo ambalo wananchi wengi huulaumu mtandao wa simu kwa sababu yake, ilhali mtandao hauna kosa.

Jirani yangu ana duka. Kila mwezi huingia kwenye tovuti ya taasisi moja kuchukua namba ya malipo, naye hufanya hivyo alfajiri, kabla wateja hawajaanza kuja. Wiki iliyopita nilikuwa naye kaunta. Alibonyeza, kiduara kikazunguka, nikahesabu sekunde 40 hadi ukurasa ukafunguka. Ukurasa wa pili ukaja papo hapo. "Mtandao uko chini leo," aliniambia. Mimi, ambaye kazi yangu ni kutunza seva, yaani kompyuta zinazobeba tovuti, niliitambua dalili hiyo mara moja: programu inayoendesha tovuti hiyo ilikuwa imelala usiku kucha, na yeye ndiye aliyeiamsha.

Kulala huko si hitilafu. Kwenye seva zinazotumia IIS, mfumo wa Microsoft wa kuendesha tovuti, programu isiyopata ombi lolote kwa dakika 20 huzimwa, kwa kuwa ndivyo mipangilio ya awali inavyoelekeza, na utaratibu huo una maana pale mashine moja inapobeba mamia ya tovuti ndogo zinazogombea kumbukumbu ya kompyuta (RAM). Ombi la kwanza likifika, kazi huanza upya: faili husomwa kutoka diski, msimbo hutafsiriwa kuwa lugha ya mashine, miunganisho ya kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa za tovuti, hufunguliwa, na aliyeomba husubiri yote hayo yaishe. Akibonyeza tena kwa kukata tamaa hajiharakishii chochote, maana ombi lake jipya nalo litaingoja programu ileile iwake.

Kuna na jingine linalowachanganya hata mafundi. Mipangilio hiyohiyo huianzisha programu upya kila baada ya dakika 1,740, yaani saa 29, hivyo muda wake husogea saa 5 kila siku. Ikianzishwa Jumatatu saa 3 asubuhi, Jumanne itaanzishwa saa 8 mchana, katikati ya foleni ya watu, na ofisi nzima itabaki ikijiuliza mbona jana hali haikuwa hivi.

Dawa yake haihitaji mashine mpya wala zabuni. Muda wa kulala uwekwe 0, programu ipangwe iwake pamoja na seva bila kungoja ombi, na kipengele cha kuiandaa mapema, ambacho kimo ndani ya IIS tangu toleo la 8 lililokuja na Windows Server 2012, kiwashwe ili seva ijitumie ombi yenyewe kabla ya mwananchi. Kuanzishwa upya kupangiwe saa maalumu, tuseme saa 9 usiku. Kumbukumbu itakayotumika zaidi ni gharama ndogo kwa taasisi inayohudumia umma.

Wapo wenzangu wanaoweka kijiprogramu cha kugonga ukurasa wa mwanzo kila baada ya dakika 5. Ni afadhali kuliko kuacha hivihivi, lakini ukurasa huo mara nyingi hauigusi kanzidata kabisa, kwa hiyo mlango unakuwa wazi huku jiko la ndani likiwa bado baridi, na anayetaka namba ya malipo anaendelea kungoja. Kinachogongwa kipite njia ileile anayopita mteja, hadi kwenye kanzidata.

Nawaomba wasimamizi wa tovuti hizi wazipime wenyewe saa 11 alfajiri, kwa simu ya kawaida na bando la kawaida, badala ya kuzifungua ofisini saa 2 asubuhi wakati mwenye duka ameshawaamshia.

Mtunza seva,
Dar es Salaam