Visi ya jino inalegea, na sisi makine tunaangalia tu

Ndugu Mhariri,

Nilisoma makala yenu ya juma lililopita juu ya meno ya kupanda, zile implanti za titani zenye wanaweka ndani ya mufupa wa taya, na nilifurahi kweli, juu hapa Goma mutu akipoteza jino ya mbele (na kwa hizi barabara zetu za mawe ya volkano na moto (pikipiki) zenye zinapita mbio, meno ya mbele yanapotea kila siku) zamani ilikuwa ni kuvaa ile ya kutoa usiku ao kukaa na pengo maisha yote. Lakini makala iliongea bei, ikaongea uzuri wa kucheka, ikaongea mahali pa kwenda, Kigali ao Kampala, basi. Kitu yenye mimi, kine (mwenye anatengeneza misuli na viungo kwa mazoezi na kukanda) wa miaka 14 kazini, naona ni kubwa kuliko bei, haikuigusa: nani anakaza ile visi (skrubu) yenye inafunga jino, alifundishwa kuikaza na nani, na nani anaangalia misuli ya taya yenye itaibeba.

Niwaelezee kwa nini jambo hii inaniuma. Mama mumoja, muuzaji wa vitenge, alikuja kwangu juu ya shingo na kichwa, kila asubuhi anaamuka kichwa kinagonga. Nikamuweka kwenye meza, nikaanza kupapasa shingo, nikapanda mupaka kwenye shavu, musuli wa shavuni uko mugumu sawa jiwe pande zote mbili. Nikamuuliza, mama, usiku unasagaka meno? Akasema bwana yake ndiye analalamikaka. Halafu akanionyesha jino moja ya nyuma, ya kupanda, aliifanyia inje ya inchi, inacheza. Ilikuwa imelegea mara mbili mwaka ule ule. Mara ya kwanza alienda kuikazisha hapa hapa mujini, na mwenye aliikaza alitumia mukono tu, na turnevisi ndogo ya kuazima, akamwambia «sasa iko imara». Miezi mine, inacheza tena.

Watu wengi wakisikia «implanti imelegea» wanafikiri yote imeoza, wanataka waing'oe. Hapana. Kuna vitu viwili. Kuna implanti yenyewe, ile inaingia ndani ya mufupa, na kuna visi ndogo ya juu yenye inafunga jino kwenye implanti. Ile ya ndani ya mufupa tuliipata kwa profesa wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, mwaka 1952 alikuwa anachunguza mifupa ya sungura, ameweka kifaa cha titani ndani, alipotaka kukitoa kikakataa, mufupa ulikuwa umeshikana nacho. Mugonjwa wake wa kwanza wa meno alikuwa Gösta Larsson, mwaka 1965, na yule muzee alitumia meno yale zaidi ya miaka 40, mupaka alipokufa. Kwa hiyo mufupa na titani wakishakubaliana wanakaa. Siku za kwanza implanti inashikwa tu na ukazo wa tundu, sawa musumari ndani ya mbao, halafu katika juma la pili mupaka la ine ule ukazo unapungua juu mufupa wa zamani unaondoka na mupya haujakomaa, kisha unapanda tena. Njo maana Brånemark alikuwa anangoja miezi 3 kwa taya ya chini na 6 kwa taya ya juu mbele ya kuweka jino.

Visi ya juu ni habari ingine kabisa, na ndiyo inaletaka shida sana kwa mwenye amepandikizwa jino moja peke yake. Visi ukiikaza inavutika kidogo, inakuwa sawa ressori (springi), ule muvuto ndio unabana vipande viwili pamoja. Ukikaza kidogo, vipande vinaachana kila ukitafuna na visi inarudi nyuma polepole. Ukikaza kupita kiasi, inakatika ndani, na kuitoa ni kazi ya machozi. Makampuni mengi yanasema Newton-santimetri (kipimo cha nguvu ya kukaza) 30 ao 35, kila moja na namba yake, na ile namba huipimi na mukono, unaipima na kle dinamometriki, ufunguo wenye unaonyesha nguvu unayokaza nayo. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya nguvu yako inakulwa na musuguano, ni kidogo tu inafika kubana, na visi ikiwa na mate ao damu hesabu inageuka tena. Halafu vile vitu vya chuma hata viangaze namna gani viko na vilima vidogo vidogo vyenye macho hayaoni, dakika za kwanza vilima vinalala, na asilimia 2 mupaka 10 ya ule ubano inapotea bila mutu kugusa kitu. Ndiyo sababu wanafundisha: kaza, ngoja dakika 10, kaza tena kwa namba ile ile.

Fundi wa moto yeyote pale Birere anaijua hii. Akikubadilishia boloni (bolti) anakwambia tembeza kidogo halafu urudi niikaze tena. Mama wangu wa vitenge hakuna mutu alimwambia arudi.

Sasa nafika kwa upande wetu sisi makine, na hapa naongea kwa uchungu. Jino ya kuzaliwa nayo iko na nyuzi laini kati yake na mufupa, zile nyuzi zinapelekea ubongo habari, «umeuma kwa nguvu sana, acha». Implanti haina zile nyuzi. Mwenye anasaga meno usiku anasaga juu ya kitu yenye haisemi, na ni visi inalipa. Na hapa kwetu, baada ya miaka yote hii ya risasi na kukimbia, minaona shavu ngumu kila juma, kwa wamama, kwa walimu, kwa vijana wa moto. Nani anatengeneza musuli? Kine. Lakini niulizeni nilijifunza nini juu ya kiungo cha taya masomoni: asubuhi moja. Goti tulipewa majuma, mugongo majuma, bega majuma, taya asubuhi moja na kurasa mbili za fotokopi. Jina la chuo sitalitaja, na walimu wangu nawaheshimu, walifundisha vile wao walifundishwa. Nimekutana na wenzangu wa Bukavu na wa Lubumbashi, ni ile ile. Na ukiuliza daktari wa meno kama alifundishwa kupapasa musuli wa shavu na kumutuma mugonjwa kwa kine, anakuangalia tu.

Najua kuna mwenye atasema, wewe, mujini kuna vijana wamekatwa miguu, kuna wenye kungoja protezi (miguu ya bandia) kule kwenye kituo cha walemavu cha Shirika la Umoja, na unatuletea habari ya meno ya watu wenye dola? Nami natumika na wale wagonjwa, ndiyo kazi yangu ya kila siku. Na njo kwao nilijifunza visi. Mutu mwenye fiksateri ya inje kwenye mufupa wa muguu, vile vyuma vinne vinavyoingia ndani ya nyama mupaka kwenye mufupa, chuma kimoja kikianza kucheza, usaha unakuja, mufupa unachelewa, anarudi kwenye operasioni. Ukimukanyagisha mapema na kwa uzito mubaya unalegeza, ukimulaza kitandani miezi yote mufupa unalainika, juu mufupa unajijenga kufuata muzigo unaoubeba, daktari wa Ujerumani, Wolff, aliandika hivyo kutoka mwaka 1892. Kupima muzigo kidogo kidogo, leo kilo hizi, juma lijalo hizi, hiyo ndiyo kinesiterapi yenyewe. Taya ni mufupa sawa mingine. Mwanafunzi mwenye ameelewa visi ya jino ataelewa na chuma cha fiksateri.

Kwa hiyo ombi langu linaenda kwa vyuo, na naomba mulichape. Kila mwaka wanafunzi wa kine wanaandika TFC na memwari (kazi za kumaliza masomo) zenye kufanana, maumivu ya mugongo kwa wabeba mizigo, maumivu ya mugongo kwa wauguzi, maumivu ya mugongo kwa madereva, unabadilisha jina la kartie (mutaa) na unadefanda, ni kusema unatetea kazi yako mbele ya walimu. Muwape utafiti huu. Chukueni wanafunzi wa kine na wa meno pamoja, kila mumoja akaze visi kwa mukono mara kumi kwenye kipande kimoja, mupime na kle amefika namba gani. Muwafundishe siku mbili. Muwapime tena, halafu muwaite kisha miezi 3 muwapime mara ya tatu, juu mukono unasahau na ndiyo kitu sisi hatupimaki kamwe, tunatoa cheti na tunafikiri mutu anajua mupaka kufa. Upande mwingine, muwafundishe kupapasa misuli ya taya, na muangalie kama watu wawili wenye wamefundishwa wanapapasa mugonjwa mumoja na kusema kitu kimoja. Haiombe mashini ya Bulaya. Inaomba kle moja nzuri, visi za kufanyia mazoezi, na walimu wawili wenye wanakubali kukaa kwenye meza moja.

Ile mama, nilimutuma kwa daktari mwingine mwenye iko na kle. Alibadilisha visi, akaikaza, akangoja, akaikaza tena, akamutengenezea gutieri (kifuniko cha kukinga meno) ya kuvaa usiku, nami nikamupa mazoezi ya kufungua taya polepole ulimi ukiwa juu, pamoja na kukanda shavu jioni na kitambaa cha moto. Inaenda mwaka wa pili sasa na haijacheza. Siwezi kusema ni mazoezi yangu, ao ni gutieri, ao ni kle, vyote vilikuja pamoja, na njo kwa hiyo naomba utafiti.

Vipande viwili vya mbao ya mukalitusi nimeshakata, na visi nimeomba kwa ule daktari zenye hazitumikake tena. Mwanafunzi mwenye anataka kuanza aandikie gazeti, mutanipatia barua yake, jumamosi zangu za kisha saa sita ni zake.

Kine mumoja wa Katindo, Goma