Mbwa akiugua ghafla, tumtazame kwanza kabla ya kumpa dawa

Mhariri,

Kaskazi imeshaingia na joto la Malindi mnalijua wenyewe, na msimu huu ndio kila ukipita mtaani unasikia mbwa wa fulani kafa jana usiku, asubuhi alikua mzima anacheza. Wengine ni joto, wengine kupe, wengine sumu, na wengine, hili ndilo linaniuma zaidi, wanakufa kwa dawa waliyopewa nyumbani na mtu anayewapenda. Mi nafuga mbwa huku Ganda, wa kulinda shamba, na watu wakishajua unafuga mbwa hukupigia simu saa yoyote, kaka eh mbwa wangu ameanguka nimpe nini. Kila mtu anauliza ampe nini. Ukimuuliza ufizi wake una rangi gani, hajatazama. Anahema vipi, hajui. Tumbo je, limefura ama halijafura, ngoja nikaangalie. Sasa jamani unampaje dawa mnyama ambae hata hujamtazama?

Ninachotaka kuwaambia wafugaji wenzangu ni kwamba kumtazama mbwa sawasawa ni dakika chache tu na huhitaji kuwa daktari, na hizo dakika ndizo zitakwambia kama huyu ni wa kukimbizwa sasa hivi usiku huu, hata ikiwa ni kukodi taksi mpaka Mombasa, ama ni wa kuangaliwa mpaka asubuhi. Tena hayo utakayoyaona ndiyo daktari wa mifugo atakuuliza kwenye simu, kwa hivyo ukiwa nayo tayari hata yeye anajua aje amebeba nini.

Lakini kabla hujamgusa fikiria kichaa cha mbwa. Hili naliweka mbele ya yote. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, alikua mpole sasa mkali, ama alikua mkali sasa kajificha uvunguni hataki mwanga, udenda unamtoka, taya limelegea, anashindwa kumeza mpaka utadhani mfupa umemkwama kooni, miguu ya nyuma inapepesuka, huyo usimtie mkono mdomoni, wallahi usimtie. Hapo ndipo watu wanapoponzeka, anaona mbwa wake kakwamwa na mfupa anaingiza mkono kuutafuta. Mfungie mahali, watoto wakae mbali, piga simu kwa watu wa mifugo. Na akikuuma ama mate yake yakikuingia kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili alafu nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe, manake dalili za kichaa zikishaanza kwa mtu hakuna dawa tena. Kama mbwa wako anachanjwa kila mwaka na kadi unayo, woga unapungua sana. Na hata akiwa na chanjo, vaa glavu, kwa chemisti zipo na bei yake si kubwa, na kwa sisi ambao mate ya mbwa ni najisi glavu inatuondolea ule uzito wa kumshika, kisingizio kinaisha.

Haya, anza na ufizi. Inua mdomo wa juu pembeni pale kwenye jino la chonge. Ufizi wa mbwa mzima ni wa rangi ya waridi na umelowa. Bonyeza kwa kidole gumba mpaka pale pawe peupe, achia, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa ujue damu haizunguki vizuri. Ukiwa mweupe wenyewe bila kubonyezwa, ama damu imepungua ama anavuja ndani. Ukiwa wa njano ni ini, ama damu yake inavunjwavunjwa ndani kwa ndani. Ukiwa wa kibuluu hewa haimfikii. Ukiwa mwekundu wa kuiva na anahema kwa nguvu, joto limempanda. Hakuna hata moja katika haya linalongoja Jumatatu. Sasa mbwa wetu wengi wa kienyeji wana ufizi mweusi wa kuzaliwa nao, hapo usihangaike, vuta kope la chini la jicho utazame nyama ya ndani, rangi utaiona pale. Na mzoeshe kuinuliwa mdomo akiwa mzima, ili ujue rangi yake ya kila siku ni ipi.

Alafu pumzi. Akiwa amelala kivulini, tazama mbavu zinavyopanda, hesabu nusu dakika, zidisha mara mbili. Kawaida ni kati ya 10 na 30. Kuhema ulimi nje baada ya kukimbia ni sawa, mbwa hapoi kwa jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema, lakini akiwa ametulia tu na bado anavuta pumzi kwa shida, kanyoosha shingo, katanua viwiko, hataki hata kulala chini, huyo ni wa kupelekwa.

Tumbo nitalisema kwa kisa kilichotokea hapa jirani. Jirani yangu alikua na dume kubwa la German Shepherd. Jioni akala sahani imejaa akakimbiakimbia uwanjani, usiku akaanza kuzunguka nyumba hatulii, anajaribu kutapika hakitoki kitu, ni povu na mate tu, tena na tena, na tumbo pale nyuma ya mbavu likawa gumu, ukiligonga linatoa mlio. Zikapigwa simu, huyu anasema ni gesi mpe soda, yule anasema mafuta ya kupikia, akapewa vyote viwili. Alfajiri haikumkuta. Ile inaitwa tumbo kujisokota, linajaa gesi likajizungusha, juu kumefungwa na chini kumefungwa, damu inakatika, na dawa yake ni upasuaji ndani ya saa chache. Huwapata sana mbwa wakubwa wenye kifua kirefu. Ukiona mbwa anakazana kutapika hakitoki kitu na tumbo linafura, usimpe chochote, maji usimpe, soda usimpe, tafuta gari.

Joto la mwili watu wanapima kwa kugusa pua, pua kavu basi anaumwa, pua mbichi basi mzima. Hicho si kipimo. Nunua kipimajoto cha digitali cha mbwa peke yake, kipake Vaseline, inua mkia, ingiza kidogo, ngoja kilie. Mbwa mzima ni nyuzi 38.3 mpaka 39.2, kwa mtu hiyo ni homa lakini kwake ni kawaida. Ikipita 40 ongea na daktari, ikifika 41 ni hatari ya sasa hivi. Ikishuka chini ya 37 nayo ni mbaya, tena saa ingine ndiyo mbaya zaidi. Mbwa aliyezidiwa na joto, yule aliyefungwa mnyororo chini ya mabati ama kaachwa ndani ya gari, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida ya bomba, si ya barafu, mpepee, ikishuka karibu 39.5 acha kumwagia. Na hata akiinuka akatikisa mkia mpeleke tu, manake figo na damu huharibika polepole nyuma ya hapo.

Kupe sasa. Pwani hii kupe hawana likizo. Homa ya kupe huanza kwa mbwa kukataa chakula na kulala lala, mwenyewe anasema ah ni joto, siku zinapita, ufizi unafifia, mwishowe mkojo unatoka rangi ya kahawa tungu. Ukishaona mkojo huo ujue damu yenyewe ndiyo inatoka pale. Wengine hutoka damu puani. Inatibika hii, lakini kwa daktari aliyepima damu akajua ni mdudu gani, manake dawa zake si moja. Kinachofanyika ni mtu kwenda agroveti kununua ile dawa ya sindano ya ng'ombe ya unga wa manjano, anakadiria kwa macho, anadunga. Ile dawa kipimo chake kwa mbwa ni chembamba mno, ikizidi kidogo inampiga ubongo. Na ile ya kuogeshea ng'ombe usiichanganye kali ukampaka mbwa ati kupe wafe haraka, mbwa hujiramba, anairamba yote, unamkuta amelegea mapigo ya moyo yamepungua.

Panadol, Brufen, diklofenaki, hizi ni dawa za watu. Brufen na diklofenaki zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo, Panadol inamuumiza ini na damu, na kwa paka hata kidonge kimoja kinaweza kuua. Tafadhalini.

Sumu nayo ina sura zake. Ya wadudu ama ya shambani, mbwa anatoa udenda mwingi, anatetemeka, mboni za macho zimekua ndogo kabisa, anahara, degedege linampiga. Ya panya ni ya kudanganya, anaila leo na hana kitu, siku mbili tatu hata tano baadae ndio anaanza kuvuja damu. Huku ufukweni kuna na bunju, yule samaki mwenye sumu, wavuvi wakichambua nyavu wanamtupa mchangani, watoto wetu wanajua hagusiki lakini mbwa hajui, akimla anatapika, miguu inaisha nguvu, pumzi inakatika, na hana dawa ya kumkata, ni kumsaidia kupumua tu. Maziwa hayaondoi sumu. Maji ya chumvi ya kumtapisha yanaweza kumuua yenyewe. Chukua karatasi ama chupa ya ile sumu, nenda nayo kwa daktari. Degedege likipita dakika 5, ama likirudi mara ya pili siku hiyo hiyo, usingoje, na usimtie kijiko mdomoni, toa viti na meza pembeni yake asijigonge.

Na yapo ya kungoja, nisije nikawatia watu kiwewe bure. Katapika mara moja lakini anakuja ukimwita, anakunywa maji yakakaa, ufizi wa waridi, huyo mpumzishe tumbo saa kadhaa, maji kidogo kidogo, baadae wali mlaini na kuku wa kuchemsha bila chumvi wala kitunguu, umuangalie siku nzima. Kachechemea lakini anakanyaga, hivyo hivyo. Ila mtoto wa mbwa hayumo kwenye kundi hili. Kitoto kinachotapika na kuhara damu yenye harufu ile mbaya ya parvo, ule ugonjwa wa virusi vya utumbo, maji yanamwishia mwilini upesi sana, vuta ngozi ya mgongo uone kama inarudi, isiporudi mara moja anahitaji dripu sasa. Chanjo ya parvo huanza akiwa na wiki 6 mpaka 8 na kurudiwa kila baada ya wiki kadhaa mpaka afike wiki 16, moja peke yake haimtoshi.

Wapo watakaosema mahangaiko yote haya kwa ajili ya mbwa. Hawa ndio wanaokesha nje sisi tumelala. Na sote madrasa tumesomeshwa habari ya yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe kwa hilo.

Kwa kaunti yetu ya Kilifi nina ombi. Katiba ya 2010 imewapa kaunti kazi ya huduma za mifugo, na udhibiti na maslahi ya wanyama mpaka leseni za mbwa, imeandikwa. Tunaomba karatasi moja tu ibandikwe kwenye kila mlango wa agroveti kuanzia Gongoni mpaka Watamu, yenye namba ya daktari wa zamu ya usiku na wikendi. Na siku za chanjo ya kichaa zitangazwe mapema misikitini, makanisani na redioni, si kusikia gari limepita jana. Nchi ilijiwekea mwaka 2014 kwamba kichaa kiwe kimeisha kufikia 2030, na wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa ugonjwa unakatika. 2030 iko mlangoni.

Na wewe mhariri, kama daktari yeyote wa mifugo wa upande huu anasoma barua yangu na anapokea simu usiku, mpe nafasi aandike kwenye ukurasa huu anafika maeneo gani na malipo yake ya usiku yanaanzia wapi, watu waweke pembeni mapema.

Mfugaji,
Ganda, Malindi