Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya: Mlitupima, hamkutuambia

Kwako Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya afya,

Kwa heshima na taadhima, naomba dakika zako chache. Barua mbili nilishaandika kwa njia ya kawaida. Zilipokelewa, zikagongwa muhuri, zikanyamaza. Hii ya tatu nimeona niisome mbele ya watu.

Wiki iliyopita vijana wawili walibisha hodi kwangu, vitambulisho shingoni, kishikwambi mkononi. Ni awamu ya pili ya utafiti wa vihatarishi, yaani mambo yanayomweka mtu kwenye hatari ya kuugua, vya magonjwa yasiyoambukiza. Niliwakaribisha, maana wao hawana kosa, wametumwa. Maswali ni yale yale ya miaka minne iliyopita: unavuta sigara, unakunywa pombe, chumvi unaongeza mezani, kwa wiki unatembea kwa miguu siku ngapi. Nilijibu yote. Kisha wakamgeukia kaka yangu, aliyekuwa ameegemezwa mito kitini, wakamsomea swali kama dodoso linavyotaka: je, umewahi kuambiwa na daktari au mhudumu wa afya kwamba una shinikizo la juu la damu?

Kaka siku hizi hajibu. Kiharusi kimempooza upande wa kulia na kuondoka na sehemu kubwa ya maneno yake. Nikamjibia mimi: kabla hajalazwa, hapana. Hakuwahi kuambiwa. Alipimwa tu.

Nisimame hapo kidogo, Mheshimiwa, maana ndipo penye kidonda. Katika awamu ile ya kwanza karani wenu alimfunga kaka mkanda wa presha mara tatu, akimpumzisha kati ya kipimo na kipimo, kazi safi kabisa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti. Mara ya tatu mashine ilisoma 178 kwa 106. Karani akaingiza namba, akaubandua mkanda kwa ule mlio wake wa kuchanika, akasema asante kwa ushirikiano wenu, akahamia nyumba ya pili. Wakati huo 178 kwangu ilikuwa namba kama namba ya basi. Niliona aibu kuuliza. Karani naye, sijui alikatazwa kusema au aliona si kazi yake. Leo nyumbani kwetu hata watoto wanajua kwamba ikifika 140 kwa 90 hiyo ni presha. Kaka alizunguka na shughuli zake miaka mitatu na nusu, na muda wote huo namba yake ilikuwa salama kabisa, imetunzwa kwa siri, kwenye kompyuta zenu.

Siri! Fomu ya ridhaa ninayo, nimeihifadhi kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya hospitali. Inasema taarifa zetu zitakuwa siri. Sikuelewa kwamba tutakaofichwa ni sisi wenyewe. Chini pameandikwa namba ya simu ya kupiga ukiwa na swali. Nimeipiga mpaka yule dada anayesema namba haipatikani nimemzoea kama ndugu.

Utasema huyu anapinga utafiti. La hasha. Shirika la Afya Duniani lilipotoa takwimu mwaka 2021, lilisema watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawajijui. Presha haiumi, haikohozi. Bila kupima nyumba kwa nyumba hamtawajua wenye nayo, na hilo nalikubali. Kaka yangu alikuwa kwenye hiyo nusu isiyojijua. Tofauti yake na wengine ni kwamba nyinyi mlikuwa mnajua.

Na wala siombi jambo geni. Framingham, mji mdogo wa Marekani, walianza mwaka 1948 kuwafuatilia watu 5,209, na ni humo dunia ilipojifunza kuzungumza habari za vihatarishi. Wale watu walirudi kupimwa kila baada ya miaka miwili, na majibu ya kila mmoja yakapelekwa kwa daktari wake. Nadhani ndiyo maana waliendelea kurudi, hadi watoto wao na wajukuu wakaandikishwa. Huko Ufini, watu wa Karelia Kaskazini walichoka kuzika wanaume kwa maradhi ya moyo, wakaiandikia serikali yao mwaka 1971. Mwaka 1972 mradi ukaanza. Yaani barua yao ilijibiwa. Nataja tu.

Siku ya uzinduzi ulipanda jukwaani ukaahidi kwamba matokeo yatarudi kwa wananchi. Nilipiga makofi, nakiri. Matokeo nikaja kuyaona kwenye taarifa ya habari, yakizinduliwa ukumbini, kitabu kinene chenye grafu za rangi. Kaka yangu yumo humo ndani, amegawanywa kwa asilimia.

Sababu zenu nazikisia tu. Labda bajeti iliishia kwenye kukusanya, ya kurudi haikuwekwa. Labda wafadhili wanataka takwimu, watu hawana haja nao. Au labda mnaogopa kwamba mkituambia sote tutafurika vituoni na dawa hazitatosha. Kama ni hilo, semeni hivyo, tujue tunasubiri nini.

Nilianza barua hii na madai saba. Kuna la fidia, kuna la kamati ya wananchi, kuna la mazoezi ya viungo kwa kaka, ambayo tunayalipia wenyewe. Nimeyafuta sita. Nimebaki na moja: mtu akipimwa, aambiwe namba yake hapo hapo, kwa mdomo na kwa maandishi, na ikiwa imepanda apewe barua ya kwenda kituo cha afya. Aambiwe kabla mkanda haujarudi mkobani. Ni hilo tu, Mheshimiwa. Aambiwe.

Vijana wenu wamesema watarudi Jumanne asubuhi kuchukua damu ya kupima sukari na lehemu, yaani mafuta yaliyomo kwenye damu, na nisile kitu tangu usiku. Sitakula. Nitawafungulia mlango, nitanyoosha mkono. Ila safari hii nitawaomba waniandikie majibu yangu kabla hawajaondoka, na wakisema hawana karatasi, ninayo, nimeshaikata.

Wako mtiifu,
Mshiriki wa utafiti wenu, awamu ya kwanza na ya pili