Barua ya wazi kwa mabinti zangu wanaopunguza uzito katika umri wa makamo

Binti zangu na wadogo zangu,

Nawaandikia moyo wangu ukiwa bado haujatulia. Wiki tatu zilizopita, katika hafla ya ukoo wetu, aliingia mdogo wangu mmoja na ukumbi mzima ukamgeukia. Ana miaka 49, na katika miezi minne alikuwa amepungua kilo 28. Walimshika kiuno, wakamzungusha, wakampiga picha na kumwomba awape siri yake. Akawaambia kwamba anakula mara moja tu kwa siku, chakula cha kumtosha mtoto mdogo, na kila usiku anakunywa chai ya kupunguza uzito. Mimi niliketi karibu naye, nikaona yale ambayo picha haziyaonyeshi: nywele zilikuwa zimepungua utosini, viganja vilikuwa baridi, na alipotaka kuinuka kwenye kochi ilimbidi aegemee meza kwa mikono miwili. Siku nne baadaye alilazwa kwa maumivu makali chini ya mbavu za kulia, na vipimo vikaonyesha mawe katika kibofu cha nyongo.

Nimewakasirikia waliompigia makofi, na nimejikasirikia mwenyewe, kwa sababu niliona nikanyamaza kwa kuogopa kumharibia furaha yake. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyopaswa kumwambia jioni ile, na kwa kuwa najua wengi wenu mmeanza njia hiyohiyo, nawaambia ninyi nyote.

Mawe yale hayakuzuka tu. Mtu anayepungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki hujiongezea sana hatari ya kuyapata, kwa kuwa mafuta ya mwili yanapoyeyuka kwa kasi ini humwaga lehemu nyingi, yaani kolesteroli, katika nyongo, na kibofu chake, ambacho hujikamua tunapokula, hubaki kimetuama kwa mtu asiyekula. Nayo chai ile, kama zilivyo nyingi za aina yake, ina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Sena hufanya kazi katika utumbo mpana, chakula kikiwa kimekwisha kufyonzwa, hivyo anachopoteza mnywaji ni maji pamoja na potasiamu ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa. Asubuhi mizani hushuka, na mafuta yako palepale. Vidonge vya siri ni vibaya zaidi. Dawa iitwayo sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari zake kwa moyo na kiharusi, lakini imeendelea kukutwa ndani ya bidhaa za kupunguza uzito zinazouzwa kwa jina la mitishamba.

Sisemi haya kama mtu aliyekuwa mwembamba tangu utoto. Nilipokuwa na miaka 44 nilijinyima chakula hadi nikapungua kilo 18 kwa miezi michache, nikasifiwa kama alivyosifiwa mdogo wangu, na kabla ya miaka miwili kwisha kilo zile zilikuwa zimerudi zote na tano juu yake. Nilipofika miaka 52 nilikuwa na kilo 104, shinikizo la damu limepanda, sukari inakaribia mpaka wa ugonjwa, na magoti yananiuma kila ngazi. Hapo ndipo nilipoanza upya, na safari hiyo ya pili ilichukua karibu miaka mitatu hadi nikafika kilo 73. Leo nina miaka 69, na uzito ule haujarudi.

Nataka mnielewe vizuri hapa, maana ndipo penye kiini cha barua yangu. Mizani haitofautishi mafuta na misuli. Ukijinyima chakula bila kufanya mazoezi ya nguvu, mwili unakula vyote viwili, na sehemu kubwa ya furaha unayoipata juu ya mizani huwa ni mapaja yako, makalio yako na mgongo wako vinavyoyeyuka. Kisha uzito unaporudi, na kwa wengi hurudi, yanayorudi kwa wepesi ni mafuta. Kwa hiyo mwanamke aliyepungua na kunenepa mara tatu anaweza kuwa na kilo zilezile alizoanza nazo, huku nguvu zake zikiwa zimekwenda. Hivyo ndivyo nilivyokuwa katika miaka 46: mnene kuliko zamani na dhaifu kuliko zamani, nikidhani tatizo langu ni ulafi.

Katika umri wenu hasara hiyo ni kubwa kuliko kwa msichana. Misuli huanza kupungua taratibu baada ya miaka 30 hivi, na kasi huongezeka kadiri umri unavyosogea. Hedhi inapokaribia kukoma, jambo ambalo kwa wastani hutokea karibu na miaka 51, homoni ya estrojeni hushuka, mifupa hupoteza uimara wake kwa kasi, na mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani na nyongani huhamia tumboni, kuzunguka ini na matumbo. Kupungua uzito kwenyewe nako huipunguzia mifupa uzani wa kubeba, na mfupa usiobebeshwa mzigo hulegea. Sasa mchukueni mwanamke wa miaka 50, mumnyime chakula kwa miezi minne na asinyanyue kitu chochote kizito. Mtakuwa mmemfikisha kwa miezi michache kwenye udhaifu ambao ungemchukua miaka mingi. Lugha yetu ina neno la hali hiyo, nalo ni kudhoofu. Mdogo wangu alikuwa amedhoofu, nasi tukamwambia amependeza.

Ndiyo maana nawasihi, na wanaoishi nami wamechoka kunisikia nikisihi, mnyanyue vitu vizito. Kutembea ni kuzuri, mimi hutembea kila siku, lakini kutembea peke yake hakutoshi kulinda misuli. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na juu ya hayo mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi, na ni hizo siku mbili ambazo karibu kila mwanamke ninayemfahamu anaziruka. Mimi nilianza kwa kukaa na kuinuka kitini bila kushika kitu, kusukuma ukuta, na kubeba ndoo yenye maji kiasi huku na huku. Baada ya miezi sita nilikuwa jimu nikinyanyua vyuma chini ya uangalizi wa mwalimu, katikati ya vijana walioshangaa kwanza kisha wakanizoea. Anayedhani amechelewa ajue kwamba mwaka 1990 zilichapishwa habari za wazee 10 wa Marekani, wenye miaka 86 hadi 96, waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Waliomaliza wiki 8 za mazoezi ya kunyanyua uzito waliongeza nguvu za miguu zaidi ya maradufu. Wewe una miaka 47 na unaniambia umezeeka.

Pamoja na mazoezi, kuleni protini katika kila mlo: mayai, samaki, nyama, maziwa au jamii ya kunde. Anayepunguza uzito anaihitaji zaidi, si pungufu, na wataalamu wengi humshauri mtu wa umri wetu afikie gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isipokuwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye lazima amuulize daktari wake kwanza. Kipimo changu cha mafanikio si mizani. Kaa kwenye kiti cha kawaida, kunja mikono kifuani, uhesabu ni mara ngapi unasimama na kukaa katika sekunde 30. Mwanamke wa miaka 60 hadi 64 anatarajiwa kufikisha angalau mara 12. Kama wewe wa miaka 45 hufikishi, usifurahie kilo ulizopoteza hadi urekebishe hilo.

Yapo mengine, nami nitayapitia kwa ufupi. Msiulaumu umri kwa kila kitu: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliopima watu zaidi ya 6,400, ulionyesha kwamba ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi yake ya nishati hubaki karibu yaleyale tangu miaka 20 hadi 60. Tulinenepa haba na haba, kama nusu kilo kwa mwaka, na hakuna aibu tukipungua haba na haba. Pimeni kiuno, kwa kuwa hatari kwa mwanamke huanza kupanda kinapozidi sentimita 80 na huwa kubwa kinapozidi 88. Laleni vya kutosha, maana joto la ghafla la usiku linalowakatisha usingizi huwaongezea njaa mchana, na lina matibabu. Kama mnatumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu, mwambieni daktari kabla hamjaanza, kwa sababu dozi iliyokufaa ukiwa na kilo 100 inaweza kukuangusha ukiwa na 80. Pimeni tezi ya shingo kama uchovu umezidi. Damu ikitoka baada ya hedhi kukoma, hata tone, nendeni hospitali siku hiyohiyo wala msiseme ni kwa sababu ya kupungua.

Kuna wanaoniuliza juu ya sindano mpya za kupunguza uzito, ambazo semaglutaidi ni mojawapo. Sina ugomvi na dawa iliyoandikwa na daktari kwa mgonjwa anayeihitaji. Katika utafiti wa mwaka 2021 waliotumia kwa wiki 68 walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao, na kwa mwenye kilo 100 hilo ni jambo kubwa. Lakini walipofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha, theluthi mbili ya uzito huo ilikuwa imerudi, na katika zile kilo zinazopotea misuli nayo imo. Kwa hiyo anayechoma sindano anahitaji vyuma na protini kuliko hata mimi niliyepungua kwa sahani na miguu yangu.

Wala msiache kwa kudhani kwamba ni lazima mpungue kilo 30. Huko Marekani watu 3,234 waliokaribia kupata kisukari walifuatiliwa, theluthi mbili wakiwa wanawake, wastani wa umri wao miaka 51. Waliopewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58, kama matokeo yalivyochapishwa mwaka 2002. Kwa mwenye kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita na kidogo. Hakuna atakayekuzungusha ukumbini kwa kilo sita, na huenda hizo ndizo zitakazoyaokoa macho na figo zako.

Sasa niseme na ninyi mnaotuzunguka. Mwanamke mnene akiingia kwenye chumba cha daktari akilalamikia mgongo, huambiwa apunguze uzito. Akilalamikia kichwa, apunguze uzito. Na anapouliza apunguze vipi, dakika zake zimekwisha. Akivaa viatu vya mazoezi anachekwa njiani. Nyumbani anahudumia kila mtu, na saa yake moja ya mazoezi ndiyo ya kwanza kuliwa mambo yakizidi. Halafu siku anayopungua, kwa njia yoyote ile, hata ya kumuua, tunamshangilia. Tunajua vizuri kwamba kisukari hukondesha, kifua kikuu hukondesha, tezi iliyozidi kazi hukondesha, saratani hukondesha, huzuni hukondesha. Mtu akipungua ghafla mbele yenu, muulizeni kwanza kama anajisikia vizuri na kama anakula. Sifa zinaweza kungoja jibu.

Nanyi binti zangu, mtakapopungua, kuna jambo ambalo watu hawalisemi: ngozi iliyovutika kwa miaka 20 hairudi yote. Ya tumbo langu inaning'inia hadi leo, na ya mikono pia. Niliilia mwaka mzima, nikajificha ndani ya nguo ndefu, nikihisi kama nimelipia kitu nikakabidhiwa kilichochanika. Siwaambii msilie. Nawaambia tu mjue mapema, ili siku hiyo msidhani mmekosea, na msirudi kwenye njaa mkijaribu kuiondoa.

Mdogo wangu amepangiwa upasuaji mwezi ujao. Ameanza tena kula mara tatu, chai ile ameimwaga mwenyewe, na daktari wake amemruhusu mazoezi mepesi. Juzi nilimwekea kiti katikati ya sebule, nikashika saa. Alisimama mara saba, akakaa akihema, akaniuliza mimi nilifikisha ngapi siku yangu ya kwanza. Nilimwambia tano. Jumamosi tunahesabu tena.

Mama yenu na dada yenu mkubwa